Mkahawa wa Kibokoni ambao mahamri yake yana hamira

Kazi yangu ni uchapaji. Nina chumba kimoja karibu na Marikiti, hapa Mombasa, mashine mbili na kompyuta, na kwa miaka 14 nimechapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na menyu za mikahawa nisizoweza kuzihesabu. Ndiyo maana nikiketi mahali kula, macho hutangulia ulimi. Nasoma kwanza. Na nimeona mara nyingi kwamba mpishi anayelijali jina la chakula hukijali na chakula chenyewe.

Mkahawa ninaouandikia leo hauna jina. Ukitokea Fort Jesus fuata Ndia Kuu, kisha ukate ndani kuelekea Kibokoni, na harufu ya iliki itakufikisha. Ni baraza ya nyumba ya mtu, meza nne na mabenchi, na mlangoni umetundikwa ubao wa chaki: mahamri, mbaazi za nazi, viazi karai, kaimati, mkate wa sinia, mahindi ya nazi, ukwaju, chai, kahawa chungu. Chini kabisa, kwa mwandiko mkubwa zaidi: Ijumaa biriani. Basi. Hakuna maelezo wala tafsiri.

Niliposimama mbele ya ubao ule niliguswa. Miaka michache nyuma hoteli moja ya ufuoni iliniletea menyu niichape. Mahamri yalikuwa yamegeuzwa donati za pwani, kaimati zimekuwa vitamtam vya Kiswahili, na pilau na biriani zimewekwa mstari mmoja kana kwamba ni chakula kimoja chenye bei mbili. Nikashauri majina yabaki yalivyo. Nikaambiwa mgeni hatayaelewa. Nilichapa nakala 60 nikalipwa, lakini iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu jina la chakula ndani yake mna maagizo ya kukipika. Ukilifuta, baada ya muda mpishi naye husahau.

Tuanze na mahamri. Hamira ni neno la Kiarabu, khamira, yaani chachu. Kwa hivyo jina lenyewe linakwambia kuwa unga huu umelazwa ukaumuka. Siku hizi mjini mengi yanayouzwa kwa jina hilo yametiwa beking pauda nusu saa kabla ya kukaangwa, nayo yakipoa huwa mazito kama sifongo iliyolowa. Mama mwenye mkahawa aliniruhusu niingie jikoni saa 11 alfajiri nijionee. Donge lilikuwa limelala usiku kucha kwenye beseni, limefunikwa kwa leso (jina tulilolichukua kwa Wareno, ambao kwao lenço ni kitambaa cha mkononi). Alipoifunua, donge lilikuwa limepanda hadi ukingoni. Akalibonyeza kwa kidole, likashuka taratibu likipumua harufu ya chachu, tui na iliki. Akasukuma, akakata pembe tatu, akazitosa karaini. Zilizama, zikaibuka, na moja baada ya nyingine zikavimba kama mashavu ya mpiga zumari. Nililivunja la kwanza likiwa bado linaunguza vidole: ndani patupu, ukuta mwembamba na laini, vidoa vyeusi vya iliki hapa na pale.

Nikamuuliza kama hachoki kuamka kila siku usiku wa manane kuangalia unga.

"Hamira haina haraka, mwanangu," akasema. "Mwenye haraka akale mkate wa dukani."

Mbaazi zake zimeiva zikalainika bila kupasuka, na tui ni la nazi aliyoikuna mwenyewe juu ya mbuzi. Msomaji wa bara asishangae: mbuzi huyu ni kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia ukikuna. Chicha hukamuliwa kwa kifumbu, mfuko wa kusukwa wa kuchujia, na lile tui la kwanza zito, kasimile, huwekwa kando limiminwe mwisho moto ukishapunguzwa, lisije likakatika. Nilipokuwapo aliletewa mzigo wa nazi na kijana mmoja. Mama akachukua moja, akaigonga kwa ukucha, akaitikisa sikioni.

"Hili koroma," akasema, akamrudishia.

Nilifurahi kulisikia neno hilo likifanya kazi yake. Tunda hili tumelipa jina kwa kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, hadi mbata iliyokauka, kwa kuwa kila umri una matumizi yake na muuzaji hawezi kumdanganya anayeyajua majina. Wareno walipolikuta waliyatazama yale matundu matatu, wakaona uso wa zimwi la kutishia watoto, ndipo wakaliita coco. Jina hilo limeenea nusu ya dunia, lakini halikusaidii kununua nazi.

Lawama sasa. Kaimati za hapa ni kubwa mno. Neno limetoka kwa Waarabu, luqaymat, na hilo ni udogo wa luqma, yaani tonge. Vitonge, basi. Kaimati ni kitu cha kuingia kinywani mara moja, ganda la shira livunjike na ulaini ufuate kwa pamoja. Za huyu mama unaziuma mara tatu, na katikati unga haujaiva sawasawa. Nilimweleza kwa adabu. Akasema wateja wake wengi ni vijana wa mikokoteni, wanataka kushiba. Namwelewa, na kwa shilingi 50 sahani sina haki ya kumgombeza. Lakini jina na chakula vimeachana pale, na ladha ikapotea papo hapo.

Biriani ya Ijumaa ndiyo iliyonifanya niandike. Pilau na biriani zote mbili majina yake yana asili ya Uajemi, yakatufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, lakini ni pishi mbili tofauti. Pilau mchele huiva ndani ya supu ya nyama na bizari mpaka uinywe yote. Biriani ni kutoka beryan, kilichokaangwa au kuchomwa. Katika biriani ya kwetu kukaanga huko kumo kwenye vitunguu: hukatwa vyembamba, hukaangwa hadi vigeuke rangi ya kahawia na kukauka kama karatasi, kisha huvunjwavunjwa ndani ya rojo la nyama, maziwa ya mgando na nyanya. Wali hupikwa mbali. Nimewahi kuuziwa, mahali nisipopataja, pilau ya jana iliyomwagiwa mchuzi mwekundu ikaitwa biriani, kwa shilingi 450.

Hapa ni shilingi 350. Nilikwenda na shangazi yangu, mtu ambaye katika maisha yangu sijamsikia akisifu chakula cha kununua. Alichota rojo kwa ncha ya kidole, akaonja, akanyamaza. Akaonja tena.

"Vitunguu vimekaangwa na mtu," akasema.

Kisha akala sahani nzima bila kuzungumza, na nyumbani jioni akaniuliza kama Ijumaa ijayo nina nafasi.

Viazi karai ni vizuri tu, ganda lake jepesi, rangi isiyozidi. Chatini yake ya ukwaju ndiyo ya kuzingatia, kwa ajili ya thomu iliyomo. Shuleni nilifundishwa kuandika kitunguu saumu, na kwa miaka mingi niliamini kinahusiana na mfungo wa Ramadhani. Hakihusiani kabisa. Kiarabu chake ni thum, na sisi wa Mombasa bado tunaitamka ile th. Mama akisema "thomu" yuko karibu na asili kuliko kitabu changu cha darasa la tano.

Mkate wa sinia huuzwa kwa kipande, shilingi 40. Mchele umelowekwa, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, kisha ukaokwa kwa makaa chini na makaa juu. Ukiukata unaona matundu madogo yaliyosimama wima. Nilikunywa nao chai ya mdalasini, nikajikuta nafikiri. Sinia kwa Kiarabu, siniyya, maana yake ni kitu cha Uchina. Mdalasini umetoka kwenye dar chini la Waajemi, mti wa Uchina. Na chai ni Kichina chenyewe, cha. Kwenye meza moja ya Kibokoni Uchina imetajwa mara tatu, na mkate ni wetu, upishi ni wetu.

Ukwaju ni wa kinyume chake. Waarabu huuita tamr hindi, tende ya Uhindini, na Waingereza wakaunda tamarind yao kutokana na hilo. Mti wenyewe asili yake ni Afrika. Neno letu halimtaji mgeni yeyote, na napenda kuliona ubaoni limesimama peke yake. Wa mama huyu ni mzito na mkali, kama unavyotakiwa, ila siku niliyokunywa sukari haikuwa imeyeyuka, ikanikwaruza menoni. Kisanskriti, ambako neno sukari lilianzia, sharkara ni changarawe. Siku ile nilizinywa changarawe zenyewe. Akoroge zaidi.

Mahindi ya nazi nimeyala mara mbili, mara ya kwanza chumvi ilizidi, mara ya pili yalikuwa matamu hata nikanyonya magunzi. Zao hili limetoka Meksiko. Sisi tukaliita la Kihindi, Waitaliano wakaliita granturco, nafaka ya Uturuki, na Waturuki wakaliita mısır, yaani Misri. Nadhani kila mtu alimtaja yule aliyedhani ndiye aliyemletea.

Ukienda, fika kabla ya saa 2 na nusu asubuhi, kwani mbaazi hazingoji. Mahamri ni shilingi 15 moja. Anapokea taslimu na M-Pesa. Mabenchi hujaa, na utakula begani kwa bega na usiyemjua. Birika la kunawia liko mlangoni, lakini sabuni mara nyingine imekwisha, na hilo alitengeneze. Kaa upande wa ndani kama moshi wa karai unakusumbua.

Nimejitolea kumchapia ubao mpya bila malipo, kwa sababu mvua ya juzi ilifuta nusu ya chaki. Alifikiri kidogo.

"Chapa, mwanangu, ila usinigeuzie majina."

Nimemwahidi. Hataki picha, hataki rangi zaidi ya nyeusi. Ameniomba tu niache mistari miwili mitupu chini ya biriani, Ramadhani iko karibu na kuna tambi na vibibi vya kuongeza.