Kuwasilisha mada katika mkutano wa wataalamu wa bustani na viwanja vya mapumziko: tathmini ya mtumiaji wa Unguja

Kila mwaka wataalamu wa bustani za umma, hifadhi na viwanja vya mapumziko hukutana nchini Marekani katika mikutano mbalimbali ya fani yao, na miezi mingi kabla ya siku yenyewe waandaaji hufungua dirisha la kupokea mapendekezo ya mada kwa njia ya mtandao. Nimeitumia huduma ya mkutano mmojawapo nikiwa hapa Mjini Unguja, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wa mabaraza ya manispaa, wa idara za misitu na wa viwanja vya kufurahishia watoto, kuanzia Kariakoo ya hapa Unguja hadi Tibirinzi kule Chake Chake, Pemba, ambao wana mengi ya kuwaeleza wenzao wa nchi nyingine lakini hawajawahi kujaza fomu ya aina hii.

Niseme mapema kwamba naipendekeza. Kujiandikisha ni kazi nyepesi: barua pepe, nenosiri, jina la taasisi, kisha kichwa cha mada, muhtasari wenye kikomo cha maneno na wasifu mfupi wa kila msemaji. Mtu aliyezoea kuandika ripoti za ofisi hatapata taabu hapo.

Sehemu yenye uzito ni ile ya malengo ya kujifunza. Fomu inataka malengo matatu, na kila lengo lianze na tendo linaloweza kupimwa, kama vile kutaja, kulinganisha au kuandaa. Ukiandika kwamba msikilizaji ataelewa au atafahamu jambo, maelekezo yaliyo pembeni ya kisanduku yanakutaka uandike upya. Sharti hili lina sababu nzito. Wengi wanaohudhuria wanahitaji vipimo vya elimu endelevu ili vyeti vyao vya taaluma viendelee kutambuliwa, na kwa utaratibu unaotumika sana Marekani kipimo kimoja ni sawa na saa 10 za mafunzo, kwa hiyo kikao cha saa moja humpa mhudhuriaji sehemu ya kumi tu, na mwandaaji lazima aweze kuonyesha ni kitu gani hasa kilichofundishwa ndani ya saa hiyo.

Mada yangu ilihusu Forodhani. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa uliosimamiwa na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni. Anayetaka kumweleza mgeni habari zake huanza kusifu upepo wa bahari, watoto wanaojirusha majini kutoka ukutani, na harufu ya mishikaki ikishaingia magharibi. Fomu haiyataki hayo. Inamuuliza mwandishi msikilizaji wake ataondoka na uwezo gani, na jibu la kweli linapatikana kwenye kazi isiyoonekana na wageni: nani anaondoa mafuta ya kukaangia kabla hayajafika kwenye nyasi, meza za wauzaji zipangwe vipi ili mama mwenye watoto abaki na benchi la kukaa, maji ya kuoshea vyombo yaelekezwe wapi, na yote hayo yafanyike ndani ya Mji Mkongwe ulioorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Lengo likawa hili: mshiriki aweze kuandaa mpango wa siku moja unaoigawa bustani kati ya mapumziko ya mchana na biashara ya chakula ya usiku. Sentensi hiyo moja imenifaa hata katika kazi zangu za kila siku, na kwa hilo naipa fomu hii heshima kubwa.

Jambo jingine jema ni kwamba katika hatua ya kwanza wapitiaji hawaoni majina ya wasemaji wala ya taasisi zao, hivyo pendekezo la manispaa ndogo ya kisiwani linasomwa sawa na la jiji lenye bustani mia.

Kasoro zipo, na moja inatuhusu sisi moja kwa moja. Orodha ya makundi ya mada inatenganisha uhifadhi, fedha na ushirikishwaji wa jamii, na inaruhusu kuchagua kundi moja tu. Atakayetaka kueleza habari za Jozani na Ghuba ya Chwaka, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, ambako kima punju, mikoko na mapato ya wageni yanayogawanywa kwa vijiji jirani ni jambo moja lisilogawika, atalazimika kuchagua upande na kuuacha mwingine nje. Ningependa kuona nafasi ya makundi mawili.

Saa za kufunga nazo zinahitaji uangalifu. Mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, zilizo nyuma yetu kwa saa 8 wakati wao wa baridi na saa 7 miezi mingine, kwa hiyo kwetu dirisha hufungwa asubuhi ya siku inayofuata. Fomu haihifadhi maandishi yenyewe mpaka ubonyeze kitufe, na umeme ukikatika kila kilichoandikwa kwenye ukurasa huo hupotea. Andikeni kwanza kwenye faili lenu, kisha mnakili.

Gharama zimeelezwa mwishoni kabisa mwa mwongozo, ilhali zilistahili kuwa mwanzo: msemaji anayekubaliwa hujilipia nauli, malazi na ada ya kushiriki. Ombeni barua ya taasisi yenu kuhusu fedha kabla ya kutuma chochote.

Upungufu unaonisikitisha zaidi ni majibu. Barua ya matokeo inasema umekubaliwa au hukukubaliwa, bila neno hata moja kutoka kwa wapitiaji waliolisoma pendekezo. Nimewaandikia waandaaji kuwaomba waambatanishe angalau mistari miwili ya maoni kwa kila pendekezo.