Rangi ya kung'aa kwa fanicha za mbao: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha dukani

Kabla hujauliza bei, amua nani ataipaka na kwa chombo gani. Rangi inayotoka safi kwenye bunduki ya kupulizia ya kompresa inaweza kuharibika kabisa chini ya brashi, na muuzaji mara nyingi hakuulizi. Tunazungumzia hapa fanicha za ndani zinazofunikwa kwa rangi, siyo vanishi: kabati, kitanda, meza, milango ya makabati ya jikoni.

Na bajeti ikibana, shusha daraja la rangi, usiguse fungu la praima (rangi ya chini inayotangulia) na msasa. Rangi ya kung'aa haifichi kitu. Kila mkwaruzo ulioachwa na msasa namba 120 utauona mwanga wa dirisha ukipita juu yake.

1. PU (poliyurethani) ya makopo mawili, kama kuna kompresa

Hii ndiyo namba moja kwa meza ya chakula na makabati ya jikoni. Kopo moja ni rangi, la pili ni hadina (kigumishi), na zikichanganywa hukauka kwa kushikana kikemikali, siyo kwa thina kuruka tu. Ndiyo maana ikishaiva haiogopi chai ya moto, spiriti wala kufutwa kila siku.

Uwiano hutofautiana: kuna ya 2 kwa 1 (rangi kwa hadina), kuna ya 4 kwa 1. Soma kopo, upime kwa kikombe chenye alama. Fundi anayemimina hadina kwa kukadiria ndiye anayekuachia meza inayonata wiki nzima. Changanya ya saa moja au mbili tu za kazi, kwani ikishachanganywa haihifadhiki.

Kosa kubwa zaidi hufanyika dukani kwenyewe: mtu ananunua PU, kisha anapewa thina ya kawaida, ile ya NC (rangi ya nitroselulosi, namba 3 hapa chini), kwa sababu ni rahisi. Thina hiyo mara nyingi huwa na alkoholi ndani yake, na alkoholi huila hadina kabla haijashikana na rangi. Matokeo ni rangi laini inayochubuka kwa ukucha. Dai thina ya PU. Hadina nayo iangalie: huharibika kwa unyevu, hivyo kopo lililowahi kufunguliwa, au lenye hadina iliyoganda au kuwa na ukungu, lirudishe.

Hadina ya PU ina aisosaianeti, ambayo hudhuru mapafu. Kitambaa usoni hakizuii mvuke wake. Inatakiwa angalau barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali na vya chembe, na eneo lenye hewa ya kutosha; kwa kupuliza, iliyo salama zaidi ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Usikubali ipulizwe sebuleni watoto wakiwa ndani.

2. Rangi ya mafuta ya kung'aa

Kama chombo chako ni brashi, hii inapanda kuwa namba moja. Hukauka polepole, na polepole hiyo ndiyo faida yake: alama za brashi hupata muda wa kujilaza zenyewe. Iongeze tapentaini kidogo, isizidi asilimia 10. Wanaotumia mafuta ya taa hupata rangi isiyokauka na mng'ao uliofifia.

Chukua brashi ya nywele laini, ya inchi 2 hadi 2½. Paka, kisha malizia kwa kupitisha ncha tu kwa mwelekeo mmoja, uiache. Kurudia sehemu iliyokwisha kuanza kushika ndiko kunakoacha mistari. Ngoja saa 16 hadi 24, piga msasa namba 320 kidogo kidogo, futa vumbi, ndipo uweke mkono (tabaka) wa pili.

Kwa hesabu: kabati la upana wa mita 1.5, urefu 2.1 na kina 0.6 lina takribani mita za mraba 5.7 kwa mbele na ubavu zote mbili. Mikono miwili ni mita 11.4. Lita moja hufunika kama mita 12, lakini kuna inayobaki kwenye brashi na kwenye kopo, kwa hiyo nunua lita mbili. Ukipuliza, ongeza angalau theluthi, maana nyingine hupeperuka.

Udhaifu wake ni kwamba nyeupe hugeuka manjano taratibu, hasa ndani ya kabati kusikofika mwanga.

3. NC

Mafundi wengi wanaipenda kwa sababu ndani ya nusu saa wanapiga mkono mwingine, na jioni fanicha inatoka. Inapulizwa nyembamba, mikono minne hadi sita, na ikipigwa msasa wa maji namba 1500 kisha kompaundi (dawa ya kung'arishia) hung'aa vizuri sana. Kwa kitanda au fremu ya kioo inatosha. Kwa meza ya chakula hapana: kikombe cha moto huacha duara jeupe, na thina ikimwagika huiyeyusha hata baada ya miaka.

Pwani wakati wa masika ina tatizo lake. Thina ikiruka haraka hupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unatua, na rangi inageuka kama imemwagiwa maziwa. Pulizeni jua likishapanda, au nunua thina ya kuchelewesha kukauka.

4. Rangi ya maji ya mbao

Haina harufu kali na nyeupe yake hubaki nyeupe. Ila huinua nyuzi za mbao, kwa hiyo praima lazima ipigwe msasa, na mng'ao wake kwa kawaida hauufikii wa rangi ya mafuta. Inafaa chumba cha mtoto. Usidhani ni sawa na rangi ya ukuta. Hiyo ikipakwa kwenye rafu, vitabu hugandia.

5. Kopo la kupuliza

Kwa stuli moja au vishikizo. Kwa kabati zima ni hasara.

Chochote utakachochagua, weka kwenye bili hiyo hiyo puti ya mbao, praima ya aina inayokubaliana na rangi, na msasa namba 180, 240 na 320. Kingo za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) hunywa rangi, zipe praima mara mbili. Paini yenye mafundo inataka shelaki (vanishi ya spiriti inayozuia utomvu) kwanza, la sivyo utomvu utajitokeza.

Fanicha ya zamani ina mtihani wake kabla ya kwenda dukani. Chovya pamba kwenye thina ya NC, uisugue chini ya meza kwa dakika moja. Rangi ikiyeyuka na kubaki kwenye pamba, ni NC. Ikikunjamana, huenda ni ya mafuta: ukiweka NC au PU juu yake itainuka yote, hivyo ikwangue mpaka mbao au ubaki na ya mafuta. Isipobadilika, inaelekea ni PU, nayo inahitaji msasa namba 320 tu ili rangi mpya ishike.