Uzoefu wangu: reale ya Maria Theresa na dola ya biashara nilizoagiza hadi Mbeya

Mwezi wa nne niliagiza sarafu mbili za fedha kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam, nazo zikanifikia Mbeya kwa basi, zimeviringishwa kitambaa ndani ya kopo dogo. Moja ni reale ya Maria Theresa, ambayo wazee wa Unguja na pwani waliitumia katika biashara ya karafuu na pembe za ndovu. Nyingine ni dola ya biashara ya Marekani, iliyoanza kupigwa mwaka 1873 kwa ajili ya soko la China.

Reale imeniridhisha kabisa. Mwaka uliochapwa ni 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, lakini mnunuzi asidhani kwamba lazima ni ya zamani hizo: wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi waliizoea sura hiyo wakaikataa nyingine, kwa hiyo Vienna, na baadaye London na Bombay, ziliendelea kuipiga kwa tarehe ileile hata katika karne ya 20. Muuzaji alinieleza hilo waziwazi kabla sijalipa, na bei yake ilikuwa ya toleo la baadaye. Kilichonivutia zaidi ni ukingo. Ukiigeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha, unaona herufi za Kilatini zilizoinuka, maana yake haki na huruma, na mapambo katikati ya maneno. Aliyetaka kuikwangua ili aibe fedha kidogo angeyaharibu maandishi na kugundulika mara moja. Kiswahili kimeyapa madini haya na pesa jina moja, na ukiishika reale kiganjani unaelewa kwa nini.

Nilizipeleka zote mbili kwa sonara wa Mwanjelwa, ambaye mizani yake imezoea dhahabu ya Chunya. Reale ilisoma gramu 28.05, na uzito wake kamili ni 28.07. Dola, ambayo upande wa nyuma imeandikwa kwamba ina greni 420, yaani gramu 27.2, ilisoma 23.6, kisha sumaku ikaing'ang'ania. Sonara alinirudishia bila kusema neno.

Muuzaji alinirudishia pesa za dola baada ya wiki tatu za kupigiana simu, akakata nauli ya kifurushi, jambo ambalo halikuwa haki kwa kuwa kosa halikuwa langu. Reale nitaagiza tena kwake. Dola ya biashara sitailipia mpaka ipimwe mbele ya macho yangu.