Bwawa la Bronte, Sydney: nyota nne kutoka kwa bibi wa doria

Nimekuwa mwokoaji wa kujitolea kwenye fukwe za Sydney tangu 1985, na kwa miaka 29 riziki yangu ilitoka kwenye mipango miji. Sasa nina miaka 66, goti la kushoto limegoma, na mume wangu analalamika kwamba siku hizi nikifika mahali nakagua kwanza ndipo nifurahi. Haya basi, nakagua.

Bronte Baths, bwawa la kuogelea, iko chini ya jabali, kona ya kusini ya ufuko wa Bronte. Imekuwapo tangu 1887 na kuingia ni bure. Hakuna dirisha la tiketi wala kadi ya uanachama. Ninaanza na hilo kwa sababu nimekaa kwenye vikao vingi mno ambako mtu mwenye suti anauliza, "Je, huu mradi utaingiza kiasi gani?" Vizee saba wanaoogelea hapa kila alfajiri hawaingizi chochote. Wanakuja tu. Mmoja ana zaidi ya miaka 80. Huvua kanzu yake ya taulo taratibu, hukunja miwani ndani ya kiatu, kisha huteremka majini kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Maji ni ya bahari yenyewe, hayana klorini. Wimbi linaruka ukuta, linamwagika ndani, na maji ya jana yanatoka. Mtu aliyekulia Tanga kama mimi hujiuliza mbona kwetu hatuna bwawa la namna hii. Jibu liko kwenye bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Kwetu, kati ya maji kujaa na maji kupwa unaweza kupata mita 3 na ushei; ukuta ungekuwa kama wa gereza, na maji yakipwa ungebaki ukitazama matope. Sydney tofauti hiyo ni kama mita 2 tu, hata siku ya bamvua kubwa, kwa hiyo ukuta mfupi unatosha. Waliouweka pale walisoma bahari kabla ya kuchanganya saruji. Si wote wanaofanya hivyo. Nimewahi kuletewa michoro ya majengo ya pwani ambayo mchoraji wake, naapa, hajawahi kulowa magoti.

Urefu ni kama mita 30. Hii ni kero ndogo kwa sisi wa doria, maana mtihani wa nishani ya shaba, cheti cha mwokoaji wa ufukweni, unataka mita 400 ndani ya dakika 9, na hapa hesabu haigawanyiki vizuri. Unakwenda na kurudi mara sita, halafu unaongeza njia moja na theluthi kwa kukisia. Mimi hujipima Jumatatu. Mwezi uliopita nilitumia dakika 9 na sekunde 41, na sikumwambia mtu hadi leo.

Kwa nini bado najipima? Kila msimu mwokoaji anathibitishwa upya: unakimbia mita 200 mchangani, unaogelea 200, unakimbia 200 nyingine, yote ndani ya dakika 8. Msimu wa juzi nilichelewa. Hakuna aliyenifukuza, nilipewa redio na kiti chini ya hema, na kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma mawimbi ndiye sasa anayechukua boya na kukimbia. Wanawake tuliruhusiwa kufanya doria kamili mwaka 1980 tu, kwa hiyo nilipoingia tulikuwa wachache na kila mtu alitutazama kama atakuja kuokolewa na sisi au atatuokoa. Kukabidhi boya baada ya hapo si jambo dogo. Bwawa hili ndilo lililonipokea. Bado ni bahari, bado inanipiga usoni, ila ina ukuta wa kushika.

Sasa kitu ambacho hakuna bwawa la mjini litakupa. Simama kwenye ukuta wa upande wa bahari, tazama chini. Pale pembeni ya miamba kuna mkondo maarufu unaotoka ufukweni kwenda nje. Wenyeji wanauita Bronte Express. Wenye mbao za mawimbi wanaupanda kama basi, hawachoki kupiga makasia kwa mikono. Kwa mgeni ni mtego. Kote mawimbi yanavunjika meupe, lakini hapo kuna njia ya maji meusi, tulivu, yenye vijikunyanzi tu juu yake. Mgeni anaona utulivu, anaingia hapohapo.

Wiki mbili zilizopita niliona baba na binti yake wa miaka kumi hivi wakielekea pale, taulo mabegani. Nilitoka majini nikitiririka, nikawafuata.

"Mwanangu, unaona pale mawimbi hayavunjiki?"

"Ndiyo, pametulia," akajibu baba.

"Pametulia kwa sababu maji yana safari. Yanarudi baharini."

Nikamwonyesha povu lililokuwa likisukumwa nje, si ndani. Alinyamaza. Nikamwambia yale tunayomwambia kila mtu: kaa kati ya zile bendera zenye rangi nyekundu na njano, mkondo ukikubeba usishindane nao, elea, inua mkono, subiri. Binti alitaka kujua kama unaweza kuelea huku unalia. Nikamwambia unaweza, watu wengi hufanya hivyo.

Ukiogopa vyote viwili, bwawa na bahari, pembeni kuna Bogey Hole, duara la miamba ambalo watoto na wanaojifunza hujitumbukiza humo. Maji yakipwa ni zuri. Wimbi likiwa kubwa achana nalo.

Nyota niliyoinyima ni ya kufika. Bronte iko bondeni na kila njia inateremka. Maana yake kila njia ya kurudi inapanda. Kazini niliandika mara nyingi kiasi cha kuota usiku: njia ya kiti cha magurudumu isizidi mwinuko wa 1 kwa 14, na iwe na mahali tambarare pa kupumzikia. Jabali halisomi viwango. Nenda kwa basi kutoka Bondi Junction, linakushusha karibu na ufuko. Kuegesha gari wikendi ni vita. Ngazi za bwawani zina utelezi wa mwani kama ngazi zote zinazolowa maji ya chumvi, kwa hiyo shika chuma, teremka kinyumenyume, na heshima yako iache juu. Siku ya kusafisha bwawa hutolewa maji, na mawimbi makubwa ya kusi yakija ukuta hauonekani kabisa. Siku hiyo kunywa kahawa yako ng'ambo ya barabara ukitazama.

Baridi nayo si mzaha. Agosti na Septemba maji huwa nyuzi 17 au 18. Dakika mbili za kwanza utanitukana, ya tatu vidole vitaacha kulalamika. Usikae hadi meno yagongane. Mwili wa umri wetu unachelewa kupata joto tena, na chai ya chupa ni bora kuliko ujasiri.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yanajaa lakini hayajafika juu. Njia ya karibu na jabali waachie wale vizee, wana mpangilio wao na hawataki ushauri wa mtaalamu, nilishajaribu.