MacBook Air ya M1: uzoefu wangu, na lile swali la kumbukumbu ya grafiki

Apple walipotangaza laptopu ya MacBook Air yenye chipu ya M1 tarehe 10 Novemba 2020, sisi wahariri wa video hapa Dar tulikuwa na swali moja tu: ina GB ngapi za grafiki, yaani kumbukumbu ya ile sehemu inayochakata picha? Apple walitaja viini 7 au 8 vya grafiki na kumbukumbu ya pamoja ya GB 8 au 16, basi. Air iliyotangulia, ile ya Intel ya mwaka huohuo, ukifungua About This Mac ilikuandikia bayana: Intel Iris Plus Graphics 1536 MB. Kwenye M1 mstari huo haupo. Unaona jina la chipu, unaona Memory 8 GB, halafu kimya.

Kwenye kimya hicho kila mtu akaja na lake. Wapo waliosema ni zilezile GB 1.5 za Intel, zimefichwa tu. Wapo walioapa kwamba GB zote 8 ni za grafiki na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, ina sehemu yake nyingine. Muuzaji mmoja aliniambia bila kupepesa macho kuwa mashine ina "RAM 8 na VRAM 8, jumla 16", VRAM ikiwa ni kumbukumbu ya grafiki peke yake. Na walikuwepo, tena wengi, wanaosema GB 8 za M1 ni sawa na GB 16 za Windows. Ninayo ya GB 8 yenye viini 7, na nimeifanyia kazi za kweli: harusi, sendofu, matangazo ya maduka. Naandika kwa sababu maneno haya bado yanasemwa, mashine hizi bado zinauzwa zikiwa zimetumika, na vijana wanaoanza kazi hii wanazinunua kwa hela waliyoichanga kwa taabu.

Ukweli uko hivi. Kwenye laptopu yenye kadi ya NVIDIA, tuseme RTX 3050 ya GB 4, kadi ina kumbukumbu yake peke yake na RAM ya mashine ni kitu kingine. Fremu, yaani picha moja kati ya zinazounda video, ikitaka kufanyiwa kazi na kadi inanakiliwa kwanza kutoka huku kwenda kule. M1 haina mgawanyo huo. Vipande viwili vya RAM vimekaa ubavuni mwa chipu, vimefungwa pamoja nayo, na prosesa na grafiki zote zinasoma na kuandika humohumo kwa kasi ya takriban GB 68 kwa sekunde. Prosesa ikishafungua fremu, grafiki inaikuta palepale.

Kwa hiyo VRAM ya kuhesabu kando hakuna. Ila kikomo kipo. Metal, ambayo ndiyo njia ya programu kuzungumza na grafiki za Apple, inaiambia programu kiasi ambacho haipendekezwi kukivuka, na kwenye M1 ya GB 8 kiasi hicho ni theluthi mbili ya RAM, yaani GB 5.3 hivi. Kwenye ya GB 16 ni karibu GB 10.7. Kama kuna namba watu walikuwa wakiibahatisha, ni hiyo. Si 1.5, na wala si 8.

Lakini hiyo ni ruhusa, si akiba. Hakuna aliyezitenga GB 5 hizo zikakaa zinakusubiri. macOS, mfumo endeshi wa mashine, inakula humo, kivinjari chenye tabu kumi na tano kinakula humo, WhatsApp ya mteja anayeuliza video iko wapi inakula humo, na programu ya kuhariri nayo ina mahitaji yake ya kawaida kabla grafiki haijaguswa. Jumla haizidi 8.

Niseme inavyokuwa kazini. Natumia programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve Studio, ile ya kulipia, kwa sababu ndiyo yenye kifaa cha kuondoa chenga. Anayepiga harusi za usiku anajua: ukumbi una taa za zambarau, bibi harusi anaingia gizani, umepandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ili uso uonekane, na ukifika nyumbani picha imejaa chenga kila mahali penye kivuli. Sasa fanya hesabu. Fremu moja ya 4K ina pikseli milioni 8.3. Resolve inakokotoa rangi kwa biti 32, kwa hiyo kila pikseli, ukihesabu nyekundu, kijani, bluu na uwazi, inabeba baiti 16. Hiyo ni takriban MB 133 kwa fremu moja. Kuondoa chenga kwa njia ya kulinganisha fremu kunataka programu iangalie fremu za kabla na za baada. Ukiweka tano kila upande, na ile ya katikati, ni fremu 11, na hesabu inakaribia GB 1.5 kwa kazi hiyo moja. Hujaweka rangi, hujalainisha ngozi, hujaweka majina ya maharusi yanayong'aa.

Hapo ndipo GB 8 zinapoonyesha mwisho wake. Mara ya kwanza Resolve iliponiletea ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU, yaani grafiki, imejaa, nilikuwa narenda (natoa video ya mwisho ya) maingilio ya maharusi ya 4K, kivinjari kiko wazi, na kazi ikasimama. Nikafungua Activity Monitor: ile grafu ya Memory Pressure, ambayo siku zote ni kijani, ilikuwa imepanda ikawa ya njano na ncha yake nyekundu, na Swap Used chini yake, yaani data iliyohamishiwa kwenye diski, ni magigabaiti. Nikafunga kila kitu, nikashusha idadi ya fremu za kulinganisha, ikamaliza.

Na swap hiyo ndiyo jibu la wale wa "8 sawa na 16". Wana sababu ya kusema hivyo, nawaelewa. RAM ikijaa, macOS inabana data na kupeleka nyingine kwenye SSD, ile diski ya ndani, na SSD ya mashine hii ina kasi, kiasi kwamba ukiwa na nyaraka na kurasa za intaneti huoni tofauti. Lakini SSD hii inasoma karibu GB 3 kwa sekunde, na RAM ni 68. Barua pepe inaweza kusubiri tofauti hiyo. Grafiki inayotaka fremu 25 kila sekunde haiwezi. Unaona video inakwama, sauti inatangulia, kishale kinageuka gurudumu la rangi. Anayekwambia 8 ni 16, muulize anafanya kazi gani.

Kwa 1080p sina malalamiko hata kidogo. Fremu ya 1080p ni robo ya ile ya 4K, MB 33 hivi, na hapo mashine inapaa. Kamera tatu kwa pamoja, rangi, majina, inacheza bila kushtuka. M1 ina sehemu maalumu ya kufungua H.264 na HEVC, miundo ya video ambayo ndiyo kamera zetu nyingi zinarekodi. Haina feni, kwa hiyo ninarekodi sauti ya msimulizi mezani pembeni yake bila kelele. Umeme ukikatika naendelea. Hata 4K naifanya: taimulaini naiweka 1080p wakati wa kukata, naandaa proksi, yaani nakala nyepesi za video, kisha wakati wa kutoa narudisha 4K, na vipande vyenye chenga nyingi navirenda kimoja kimoja usiku, programu nyingine zote zimefungwa. Inawezekana, ila ni kazi ya mtu mwenye muda.

Jambo linaloniuma ni kwamba huwezi kuongeza. RAM imefungwa pamoja na chipu, fundi hata awe hodari namna gani hana nafasi ya kuchomeka kitu. Ilipotoka, ya GB 8 ilianzia dola 999 Marekani, na kupandisha hadi 16 ilikuwa dola 200 zaidi. Oktoba 2024 Apple wenyewe wakaanza kuuza MacBook Air zote mpya na GB 16 kama kiwango cha chini, bei ya kuanzia ikabaki palepale. Kwangu huo ni ushahidi tosha kuhusu GB 8.

Tahadhari moja kwa wanaolinganisha na mashine za Windows. Task Manager kule inaonyesha kumbukumbu ya grafiki ya kadi yenyewe na nyingine inayoazimwa kutoka RAM, ambayo kwa kawaida ni nusu ya RAM yote. Nimeona kibandiko dukani kikisema "GB 12 za grafiki" kwenye mashine ya kadi ya GB 4 na RAM 16. Mtu alijumlisha 4 na 8. Kadi ni ya GB 4.

Unayetaka M1 iliyotumika kwa ajili ya video, tafuta ya GB 16, na viini viwe 7 au 8 usihangaike, tofauti ni ndogo. Kabla hujatoa hela bonyeza alama ya tufaha kwenye kona, About This Mac, usome mwenyewe mstari wa Memory. Ikiandika 8, hizo ndizo zote, na grafiki imo humo.