TAHADHARI: Muuzaji wa midoli ya zamani anayechanganya orijino na feki kwenye makongamano ya wakusanyaji

Ndugu wakusanyaji, kama unajiandaa kwenda kongamano lolote la midoli ya mashujaa ya zamani, soma hili kabla hujatoa hela. Kuna muuzaji anahamahama kutoka kongamano moja hadi jingine. Meza yake imepangwa vizuri, maneno yake matamu, na mali yake nusu orijino nusu feki. Hiyo nusu orijino ndiyo inayowaponza watu. Feki tupu wengi wetu tunaishtukia kwa mbali, lakini mwili halisi uliovishwa kitu cha bandia unampita hata mtu mwenye uzoefu, hasa ukumbi ukiwa umefurika na nyuma yako watu wanasukumana wakisubiri zamu.

Jina lake silitaji hapa. Malalamiko yako kwa waandaaji na ni haki wamsikilize naye pia. Ninachotaka ni ujue anavyofanya kazi, maana hayuko peke yake.

Aliyepigwa ni rafiki yangu, mtu makini anayeijua midoli yake. Aliuziwa Jawa wa Kenner mwenye joho la plastiki. Kwa wasiofuatilia sana midoli ya Star Wars, zile filamu za vita vya angani: Jawa ni kiumbe mdogo wa filamu hizo anayevaa joho, na Kenner ni kampuni ya Marekani iliyotengeneza midoli yake. Kenner walipotoa midoli yao 12 ya kwanza mwaka 1978, Jawa alikuja na joho la plastiki laini. Muda si mrefu wakalibadilisha wakaweka la kitambaa, kwa hiyo Jawa wa kitambaa wako tele na wa plastiki ni wachache mno. Bei zao zinapishana kama mbingu na ardhi, na kinachowatenganisha ni kijipande cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto.

Sasa tazama mchezo unavyochezwa. Tapeli anachukua Jawa wa kawaida, halisi kabisa, anamvua kitambaa na kumvisha joho la kutengeneza. Wewe unamgeuza, unakuta miguuni kumeandikwa G.M.F.G.I. 1977, kifupi cha General Mills Fun Group, kampuni ambayo Kenner ilikuwa chini yake wakati huo. Moyo unatulia. Kumbe maandishi yale yanauthibitisha mwili tu, joho halina shahidi. Na hata huo mwaka 1977 ni wa hakimiliki, si wa kutengenezwa. Uliendelea kuwepo kwenye midoli iliyotoka baadaye, kwa hiyo hauwezi kukuambia kama Jawa uliyemshika ni wa toleo la mwanzo.

Jioni ile tulimkagua chini ya taa nzuri kwa kioo cha kukuzia. Ukingo wa chini wa joho ulikuwa na vidato vidogo, pale mkasi uliposimama na kuanza tena. Tundu la mkono wa kushoto lilikuwa juu kidogo kuliko la kulia. Hakuna mashine ya kiwanda inayokata namna ile. Janja hii ni ya siku nyingi: watu huchukua joho la Ben Kenobi, mhusika mwingine wa Star Wars, ambalo nalo ni la plastiki, wakalipunguza mpaka limwenee Jawa. Ndiyo maana plastiki yenyewe inaweza kuwa ya miaka ileile, imechakaa kihalali kabisa, na bado ukawa umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kesho yake asubuhi tulirudi mezani kwake pamoja. Hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu akasema, "Kaka, mimi sikukwambia ni orijino. Wewe ndiye uliyesema." Na kweli, hakukuwa na karatasi. Kibandiko cha bei kilikuwa kimeandikwa "Jawa, joho la plastiki", basi. Kila neno pale ni la kweli: ni Jawa, na joho ni la plastiki. Mtu anayeandika kibandiko kama kile anajua anachofanya.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: mwandikishe. Kabla hela haijatoka mkononi, mwambie muuzaji aandike risiti inayotaja kitu chenyewe, sehemu zipi ni orijino na zipi ni nakala, tarehe, jina lake na namba ya meza. Muuzaji mkweli huandika bila kusita, na wapo wengi kwenye ukumbi uleule walioweka tayari vikaratasi vya "bunduki ni nakala" au "kidole gumba kimeungwa". Hao ndio wa kuwatajirisha. Huyu ninayemsema, nilisimama pembeni nikaona mama mmoja akimwomba amwandikie kwamba vifaa vyote ni vya asili. Akauchukua mdoli, akaurudisha kwenye sanduku, akasema samahani dada, nimekumbuka kuna mtu ameshauwekea oda.

Vifaa vidogo ndiko uozo ulikojazana. Bunduki, panga, kofia, mikanda: watoto walivipoteza miaka hiyo, na leo mdoli wenye kila kitu chake unauzwa mara nyingi zaidi ya mdoli mtupu. Matokeo yake kuna nakala za karibu kila silaha ya Kenner. Zamani watu walikuwa wanazidumbukiza kwenye maji, inayoelea wakaiita orijino na inayozama wakaiita feki. Usitegemee hilo. Watengenezaji wa nakala walishalisikia, na zipo nakala zinazoelea vizuri tu. Njia ya uhakika zaidi ni kuwa na orijino moja unayoijua na kuilinganisha: ukali wa michoro, mshono wa kalibu, namna plastiki inavyopitisha mwanga ukiielekezea tochi. Kama huna ya kulinganishia, tafuta picha za karibu kabla ya safari uziweke kwenye simu, maana mtandao wa ukumbini mara nyingi haufai.

Akikuonyesha mdoli wa Star Wars wa Luke, Ben au Darth Vader ambaye upanga wake wa mwanga unachomoka mara mbili, yaani ndani ya upanga kuna kijiti chembamba kinachotoka tena, weka mkono mfukoni. Hao walitoka mwanzoni kabisa kisha muundo ukarahisishwa, na ni katika vitu vinavyoghushiwa sana kwenye midoli hii. Na akikunong'oneza kwamba chini ya meza ana Boba Fett, mhusika mwingine wa filamu hizo, anayerusha roketi, aliyetumwa kwa posta kwa mtoto fulani mwaka 1979, ondoka. Kenner walimtangaza, ni kweli, lakini roketi ya kuruka iliondolewa kwa sababu za usalama kabla hajamfikia mtoto yeyote, na waliotumwa walikuwa na roketi isiyoruka. Waliobaki wenye kuirusha ni sampuli za kiwandani, na mtu mwenye sampuli ya kweli hauzi kwa kunong'ona.

Kwenye midoli ya askari ya G.I. Joe ana mchezo mwingine. Midoli midogo ya mwaka 1982 ilikuwa na mikono iliyonyooka, na mwaka 1983 wakaongeza kiungo kinachozunguka juu ya kiwiko. Mdoli huu unafunguka kwa skrubu moja mgongoni, ndani kuna mpira wa mviringo unaoshikilia miguu. Kubadilisha mpira uliooza si kosa hata kidogo, mimi mwenyewe hubadilisha, bila hivyo mdoli unakatika kiunoni. Kosa ni kuchukua kifua cha huyu, mikono ya yule na miguu ya wa tatu, ukafunga skrubu na kuuza kama askari mmoja wa 1982. Angalia rangi ya ngozi ya mkono dhidi ya uso. Angalia kama skrubu ina mikwaruzo. Uliza, "Umewahi kumfungua?" na umtazame usoni wakati anajibu.

Halafu kuna Stormtrooper, yule askari wa Star Wars mwenye vazi jeupe, anayeuzwa akiwa mweupe pee. Plastiki nyeupe ya miaka ile hugeuka manjano, na watu wameshajua kuirudisha weupe kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga. Sina ugomvi na anayefanya hivyo kwa mali yake. Lakini aliyesafishwa hivyo anaweza kurudi kuwa wa manjano baadaye, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Jamaa huyu anasema tu "alikaa kabatini."

Kuhusu midoli iliyobaki kwenye kadi yake, yaani ile karatasi ngumu ya dukani ambayo mdoli hukaa juu yake ndani ya kifuniko cha plastiki, hapa nenda taratibu zaidi kuliko popote. Kadi inaweza kuwa halisi, mdoli halisi, na kifuniko cha plastiki kikawa kimebandikwa juzi. Inamisha kadi uitazame kwa ubavu kwenye mwanga. Gundi iliyochuruzika nje ya ukingo, karatasi iliyochunika kisha ikafunikwa, kifuniko kinachong'aa kama kioo juu ya kadi iliyofifia, kibandiko cha bei ya duka kilichokaa mahali pa ajabu karibu na ukingo: chochote katika hivyo kinatosha kurudisha kadi mezani. Akikukatalia kuishika, sawa, ni mali yake. Akikukatalia hata yeye mwenyewe kukugeuzia upande wa nyuma, ameshakujibu.

Kasha la akriliki lenye alama ya ubora nalo si kinga kamili. Kampuni kama AFA hupima midoli, huipa alama na kuifungia, na kazi yao inaheshimiwa. Lakini kasha linaweza kufunguliwa, na kibandiko kinaweza kuchapwa na yeyote mwenye printa nzuri. Kagua viungo vya kasha pande zote, piga picha namba iliyo kwenye kibandiko, na kama ni hela nyingi, waulize waliotoa alama kabla hujalipa. Akisema hawezi kusubiri hata kidogo, mwache awahi anakowahi.

Kuna moja lililoniuma zaidi kwa sababu ni wizi mtupu. Kijana mmoja alionyeshwa mdoli mzuri, wakakubaliana bei, muuzaji akainama chini ya meza "kutafuta mfuko", akainuka na kitu kimeshafungwa kwa karatasi na utepe kotekote. Alipofungua nyumbani akakuta mdoli wa aina ileile, ila mguu umelegea na rangi ya uso imepakwa upya. Basi, usikubali kitu kitoke machoni pako baada ya kukubaliana. Kipige picha mbele na nyuma kikiwa juu ya meza, na kama kufunga ni lazima, kifungwe hapohapo unapoona.

Malipo pia. Alimsihi rafiki yangu atume pesa kwa njia ya kumtumia ndugu au jamaa, eti ampunguzie makato. Ukituma hivyo unakuwa umetoa zawadi, si umenunua kitu, na huduma nyingi za malipo hazitakusaidia kuirudisha. Afadhali ulipe makato.

Na uliza kitu kilikotoka, usione aibu. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Rancho Obi-Wan huko California, lenye mkusanyiko mkubwa sana wa Star Wars, lilitangaza kuibiwa vitu zaidi ya 100, vingi vikiwa midoli ya zamani kwenye kadi zake, na wakati linatangaza vingi vilikuwa vimeshauzwa. Waliouziwa walikuwa wakusanyaji kama mimi na wewe, waliolipa hela halali. Muuzaji anayejua historia ya mali yake hupenda kuisimulia. Jamaa yetu kila kitu "kilikuwa cha mjomba."

Saa yake anayoipenda ni ile ya mwisho ya siku ya mwisho, wenzake wanapofungasha. Bei inashuka ghafla, anasema anataka apunguze mzigo, na ofisi ya waandaaji inakuwa imeshafungwa au watu wako mbioni. Wauzaji wengi hupunguza bei saa hiyo kwa nia njema, nami nimeshapata vitu vizuri namna hiyo. Kwake yeye, ile ni saa ambayo huna tena kesho ya kurudi.

Rafiki yangu hajarudishiwa hela. Wamemshauri amuuze huyo Jawa kwa mwingine afidie, amekataa. Ameandika NAKALA kwa wino usiofutika ndani ya joho ili lisimponze mtu mwingine hata likipita mikono kumi. Waandaaji wametuambia wazi kwamba lalamiko moja la mdomo haliwatoshi kumnyima muuzaji meza. Wanahitaji maandishi, picha za kitu, uthibitisho wa malipo na namba ya meza. Kama uliwahi kununua kwa mtu mwenye mtindo huu ukakuta umeingizwa mjini, usinyamaze kwa aibu. Andika, ambatisha picha, peleka kwa waandaaji wa kongamano ulilohudhuria kabla hawajaanza kugawa meza za mwaka ujao.