Uzoefu wangu: msimu mmoja wa kapu la mboga za kilimo hai kutoka Arumeru

Mwezi wa Juni mwaka jana nilijiunga na shamba la kilimo hai lililoko Arumeru, chini ya Mlima Meru, ambalo ndiyo kwanza lilikuwa linaandikisha wanachama. Utaratibu wake haufanani na wa kununua mboga sokoni: mwanachama hulipa fedha za msimu mzima kabla mbegu hazijaenda kitaluni, kisha kila Alhamisi huchukua kapu la mazao yaliyovunwa alfajiri ile. Nililipa shilingi 240,000 kwa wiki 16, yaani 15,000 kwa kapu, na nilikuwa na wasiwasi kulipia mboga ambayo bado haijaota.

Kilichonituliza ni kikao cha kwanza. Mkulima, kijana aliyesomea kilimo kisha akarudi kwenye ardhi ya baba yake, alitueleza wazi kwamba fedha zile zingekwenda kwenye mbegu, samadi, vibarua na ukarabati wa mfereji, na kwamba hasara ikitokea tutaibeba pamoja. Jambo hili lina historia. Wajapani waliuanza mpango wa namna hii miaka ya 1970 wakauita teikei, na huko Marekani mashamba mawili ya kwanza, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yalianza mwaka 1986. Aliyewahi kucheza upatu ataelewa haraka, ila hapa zamu ni ya wote kila wiki.

Kapu la kwanza nilililaza juu ya meza ya jikoni nikalipekua: mafungu mawili ya mnafu uliokuwa bado na umande, figiri, karoti zenye udongo mweusi kwenye mikunjo yake, vitunguu vya majani, giligilani na bitiruti nne. Majani ya figiri yalikuwa na vitundu vidogo kama vya sindano, na karoti mbili zilikuwa zimesokotana, lakini ladha yake haikuhitaji kusaidiwa na chochote zaidi ya chumvi na kitunguu. Mnafu ule ulikaa siku nne kwenye friji bila kunyauka, wakati ninaoununua mchana sokoni huwa hoi siku ya pili.

Wanachama huruhusiwa kwenda shambani, nami nilikwenda Jumamosi moja na wanangu. Mkulima aliwaonyesha rundo la mboji lililochomekwa fimbo ndefu katikati. Akaichomoa, akawapa waishike, na binti yangu akashtuka kuikuta ina moto. Alituambia kwamba fimbo ikitoka baridi, rundo lina kasoro, pengine limekauka, na inabidi ligeuzwe na kumwagiwa maji. Siku hiyo nilimuuliza pia kuhusu alama ya Kilimohai, inayotambulisha mazao yaliyolimwa kwa kufuata kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Alijibu kwamba bado hana, akanipa daftari lake la kumbukumbu nilisome mwenyewe: tarehe za kupanda, samadi ilikotoka, na kila alichopulizia, ambacho kilikuwa mwarobaini na mchanganyiko wa pilipili na kitunguu saumu. Kwangu jibu hilo lilitosha, ingawa anayetaka uthibitisho rasmi asubiri.

Mwezi wa Oktoba kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na kuwatesa sana wakulima wa nyanya, alivamia shamba. Jumatano usiku nilipokea picha ya majani yaliyochorwa michirizi myeupe pamoja na ujumbe: "Dada, samahani, nyanya wiki hii hazitakuwepo. Tumeng'oa mashina yaliyoathirika na kuongeza mitego." Tulikaa wiki tatu bila nyanya, na badala yake tukawekewa matembele na majani ya maboga. Sikufurahi, kwa sababu nyanya nilizinunua kwingine kwa fedha nyingine, lakini nilithamini kuambiwa mapema na kuambiwa ukweli.

Malalamiko yangu makubwa ni ya usafirishaji na mawasiliano. Mara mbili bodaboda alichelewa zaidi ya saa mbili, na mboga za majani zikafika zimechemka kwa jua. Orodha ya kilichomo haikutumwa kabla, hivyo zaidi ya mara moja nilinunua sukumawiki Jumatano nikaikuta kwenye kapu kesho yake. Bitiruti nazo zilikuja wiki tisa mfululizo, na hapakuwa na nafasi ya kubadilishana.

Kwa mkulima anayefikiria kuanza, nilichokiona pale ni kwamba wanachama 22 walimtosha kabisa mwaka wa kwanza. Aliwakataa wengine waliokuja na fedha mkononi, na alikuwa akisia mbegu kila baada ya wiki mbili ili pasikosekane cha kuvuna. Kwa mlaji, kapu hili linaifaa familia inayopika nyumbani karibu kila siku. Anayekula mgahawani mara kwa mara ataishia kutupa mboga.

Nimelipia msimu wa pili. Safari hii orodha inatumwa kila Jumanne jioni, na kapu ninagawana na jirani yangu, ambaye anapenda bitiruti.